Uzi: Kufuga samaki wepesi wa kudhurika Lamu na Malindi, na maji yanayowafaa

Mkaazi wa Mkomani, Lamu

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nimeombwa mara kadhaa nieleze namna ya kufuga samaki wa mapambo waitwao diskasi, kadinali na rami katika mji wetu, kwa kuwa watu huwanunua samaki hawa Mombasa kwa bei kubwa, huwafikisha nyumbani wakiwa wazima, kisha huwapoteza mmoja mmoja kabla mwezi haujaisha. Wengi humlaumu muuzaji, au hulilaumu joto. Nionavyo mimi, muuzaji mara nyingi hana kosa na joto lina sehemu ndogo tu. Chanzo kikubwa ni maji tunayowatilia, ambayo hapa Lamu huwa yamepita kwenye matumbawe au yamekaa kwenye chokaa kabla ya kufika kwenye ndoo. Kwa hiyo nitayaeleza maji kwa urefu, na mengine nitayapitia kwa ufupi.

Nyumba zetu za mawe zimekaa na samaki tangu zamani. Katika mabirika ya vyoo na ya misikiti waliwekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika hupachikwa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wawe na pa kukimbilia. Samaki wale waliishi kwa sababu ni wa aina inayostahimili maji ya chokaa. Diskasi na kadinali hawatoki katika maji ya namna hiyo. Asili yao ni bonde la mto Amazon, na rami ametoka katika mbuga za mto Orinoco, nchini Venezuela na Kolombia. Rio Negro, ambako kadinali huvuliwa kwa wingi karibu na mji wa Barcelos nchini Brazili, ni mto wenye maji ya rangi ya chai ya mkandaa, yenye pH (kipimo cha asidi ya maji) ya 4 hadi 5, na karibu hayana madini yoyote ndani yake. Samaki aliyeumbiwa maji hayo ukimtia katika maji ya kisima cha Lamu, mwili wake hufanya kazi ya ziada usiku na mchana, hula kidogo, rangi humfifia, na ugonjwa wowote unaopita humkuta hana nguvu za kuupinga.

Sasa tutazame maji yetu. Maji matamu ya mji yanatokana na mvua inayochujwa na vilima vya mchanga vya Shela na kukaa chini ya ardhi, yakielea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kuliko hayo. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na hili huonekana zaidi mwisho wa Kaskazi, wakati mvua imekuwa mbali kwa miezi. Visima vya mjini vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, ambayo ni kalisi kaboneti, na kaboneti ndiyo inayoipandisha pH hadi 8 au zaidi na kuishikilia hapo. Ndiyo maana zile dawa za kushusha pH zinazouzwa katika chupa ndogo hazina faida kwetu. Unatia leo, pH inashuka; kesho kaboneti imeirudisha ilipokuwa; unatia tena. Samaki huumizwa na huku kupanda na kushuka kuliko ambavyo angeumizwa na pH ya 8 iliyotulia. Nawasihi mziache kabisa.

Kwa hiyo mfugaji ana njia mbili, na naziheshimu zote mbili. Njia ya kwanza ni kuwachagua samaki wanaoyapenda maji aliyo nayo. Samaki wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Nyasa, wakiwemo mbuna, wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH ya 8 au zaidi, na mawe ya matumbawe ndani ya tangi huwafaa badala ya kuwadhuru, mradi maji yenyewe hayana chumvi nyingi. Ni samaki wa kwetu Afrika ya Mashariki, ni wazuri, na inasikitisha kuona mtu akihangaika na kadinali katika maji ambayo mbuna angenawiri ndani yake. Njia ya pili ni kuvuna mvua, na anayeifuata hiyo ndiye ninayemwandikia hasa.

Maji ya mvua ni laini mno, lakini yanaharibika njiani. Paa la makuti hutoa maji yenye uchafu mwingi wa majani; dari la bapa lililopigwa chokaa huyatia ugumu kabla hayajafika chini; paa la mabati ndilo bora. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, kwa sababu inaosha vumbi, kinyesi cha ndege, na chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari, ambayo kwa nyumba zinazoelekea mkondo wakati wa Kusi si kidogo. Baada ya hapo kinga katika tangi la plastiki lenye kifuniko. Usiyatie katika birika la chokaa, hata kama ni safi na limekaa miaka mingi bila kutumika, kwa kuwa chokaa yake itafanya yale yale ambayo kisima kingefanya. Hesabu yake ni nyepesi: paa la mita 20 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hutoa takriban lita 200. Tangi la samaki la lita 250 likibadilishwa robo ya maji kila wiki linahitaji lita 60 na kidogo, yaani chini ya lita 1,300 kwa wiki 20. Mwenye tangi la akiba la lita 2,000 lililojaa wakati wa masika atafika vuli bila shida, na akilijaza tena wakati wa vuli atakivuka kiangazi cha Kaskazi.

Jambo moja hapa husahaulika, nalo huua samaki wengi wa wafugaji walioelewa nusu ya habari. Maji ya mvua peke yake hayana kaboneti ya kutosha kuishikilia pH. Bakteria wanaosafisha tangi hutumia kaboneti katika kazi yao, na ikiisha, pH huanguka ghafla na bakteria wenyewe husimama. Kwa hiyo changanya. Nunua kipimo cha matone cha ugumu wa kaboneti, upime kisima chako, kisha gawanya. Ikiwa kisima kina nyuzi 16 za ugumu wa kaboneti nawe unataka nyuzi 2, sehemu moja kati ya nane iwe ya kisima: katika ndoo ya lita 20, lita mbili na nusu za kisima na lita kumi na saba na nusu za mvua. Ikiwa kisima chako kina chumvi ya kuonjeka, tafuta maji ya jirani mwenye kisima kitamu.

Maji yakishakuwa laini, mti wa mkungu unaingia kazini. Majani yake makavu yaliyoanguka yenyewe, yenye rangi ya kahawia, hutoa tanini inayoyatia maji asidi kidogo na kuyapa ile rangi ya Rio Negro. Wafugaji wa Asia huyanunua kwa fedha, na hapa kwetu yanafagiliwa uani. Yaoshe, uloweke mawili au matatu, uyaondoe yakianza kuoza. Katika maji ya kisima majani hayo yatatia rangi tu, kwa sababu kaboneti itaimeza asidi yote.

Mchanga na mawe vipimwe kwa siki. Dondosha siki juu yake. Kikitoa mapovu, kina kaboneti na hakifai kwa samaki hawa. Mchanga wa pwani umejaa vipande vya kombe na matumbawe, nao hushindwa kipimo hiki. Mchanga wa mto uliooshwa vizuri kwa kawaida hufaulu. Na tafadhalini, msiende kuchota mchanga wa vilima vya Shela, hata kidogo. Vilima hivyo ndivyo chujio la maji ya mji mzima.

Kuhusu bakteria: tangi jipya si tangi tayari. Samaki hutoa amonia, bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huchukua wiki nne hadi sita kuenea, na wakati huo kusiwe na diskasi ndani. Tia amonia kidogo kidogo, au chukua sponji ya chujio, ambamo bakteria hukaa, kutoka tangi la rafiki lisilo na ugonjwa. Maji laini yana faida nyingine hapa. Katika joto la nyuzi 30, kwa pH ya 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwa pH ya 8 hukaribia asilimia 8. Uchafu ule ule, katika maji ya kisima, una sumu zaidi mara kadhaa.

Joto lenyewe si adui wa kila samaki. Diskasi anapenda nyuzi 28 hadi 30, na rami vilevile, kwa hiyo Lamu hawahitaji hita isipokuwa katika baadhi ya usiku wa Kusi. Samaki aitwaye neoni ndiye asiyefaa kununuliwa, kwa sababu anataka nyuzi 21 hadi 25. Nyumba zetu hazina joto hilo bila mtambo wa kupoza, na kadinali anayefanana naye hustahimili joto zaidi. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni chini ya miligramu 8 kwa lita, basi pampu ya hewa isizimwe usiku. Machi na Aprili, maji yakipita nyuzi 32, elekeza feni ndogo juu ya maji. Mvuke ukitoka, maji hupoa nyuzi mbili au tatu. Kilichopungua kwa mvuke kijazwe kwa maji ya mvua matupu, kwa sababu mvuke huondoka na maji tu na madini hubaki.

Mwisho kwa leo ni uzito. Tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 50 lina kilo 250 za maji, na pamoja na kioo na meza yake hupita kilo 300. Katika nyumba ya ghorofa yenye dari ya boriti, liwekwe ukutani ambako vichwa vya boriti vimelalia, ili mzigo ugawanyike juu ya boriti nyingi karibu na ukuta. Boriti zilizoliwa na mchwa zisijaribiwe.

Bi Maweni, Malindi

Wa alaykum salaam, kaka, na shukrani kwa maelezo yenye kina. Mimi niko Malindi, na maji yangu ni ya mfereji, yanayotoka Baricho. Siku nyingine yana harufu kali ya klorini, hasa yanaporudi baada ya kukatika. Nina jozi ya rami katika tangi la lita 80. Wanakula vizuri na hutaga mayai juu ya jiwe bapa mara kwa mara, lakini mayai hugeuka meupe na baada ya hapo wenyewe huyala. Paa langu ni la makuti, kwa hiyo mvua siwezi kuivuna. Je, nina njia nyingine?

Mkaazi wa Mkomani, Lamu

Dada yangu, jozi inayotaga ni dalili kwamba umewatunza vyema. Klorini ni jambo dogo: acha maji katika pipa lililo wazi kwa saa 24 yakipigwa hewa, au tia sodiamu thayosalfeti kidogo, ambayo huiondoa papo hapo. Usiyatumie maji ya mfereji moja kwa moja, hata siku ambayo husikii harufu, kwa kuwa bakteria wa sponji hufa kwa klorini pia.

Mayai ni habari ya ugumu wa maji. Rami aliyekomaa aweza kuishi katika maji magumu kiasi, lakini yai lake huanguliwa vizuri katika maji laini yenye asidi kidogo. Katika maji magumu mengi hayarutubishwi, na yai lisilorutubishwa hugeuka jeupe na kushikwa na ukungu, ambao huenea hadi kwa yale yaliyo mazima. Kwa kuwa huna paa la mabati, nenda katika maduka yanayouza maji yaliyosafishwa kwa mtambo wa osmosisi, ambao huyatoa madini. Madumu matatu ya lita 20 yanatosha kuanzia. Omba kwanza kuyapima kwa kalamu ya TDS, yaani kipimo cha madini yaliyoyeyuka majini. Maji ya mtambo unaotunzwa husoma namba ndogo, mara nyingi chini ya 30, na mtambo uliochoka utauona hapo hapo. Baadhi ya maduka hurudisha madini ili maji yawe na ladha, basi uliza yale ambayo hayajatiwa kitu. Yachanganye na ya mfereji kwa hesabu ile niliyoieleza, na ubadilishe tangi pole pole kwa wiki kadhaa, kwa sababu samaki waliozoea maji magumu hawapendi kuhamishwa ghafla hata kuelekea kwenye heri.

Kula mayai kwa jozi changa ni kawaida, na wengi hujifunza baada ya kutaga mara kadhaa. Punguza mapito ya watu mbele ya tangi, na acha taa hafifu usiku wasije wakayapoteza gizani. Diskasi naye ana malezi ya ajabu ambayo kila mfugaji anastahili kuyaona: vifaranga wake hula ute unaotoka katika ngozi ya mama na baba, na mmoja akichoka humwachia mwenziwe.

Nahodha wa Mokowe

Naomba kuongeza juu ya safari, maana mizigo ya watu hupita mikononi mwangu. Samaki hutiwa basini Mombasa alfajiri, hufika Mokowe mchana umeshakwenda, ndipo huvushwa kwa mashua. Wanaofika wazima ni wale waliofungwa katika boksi jeupe la povu, mfano wa yale ya kubebea barafu, na mfuko ukajazwa oksijeni theluthi mbili na maji theluthi moja. Mfuko uliojaa maji tele huwadanganya wanunuzi, kwa kuwa oksijeni anayopumua samaki huyeyuka majini kutoka ile iliyo juu ya maji, na maji mengi huiacha ndogo. Wasipewe chakula chochote siku moja kabla ya safari. Ninalotaka kuuliza ni hili: mbona wengine hufika wazima, kisha hufa wakati mwenyewe anawazoesha maji kwa subira, tone kwa tone?

Mkaazi wa Mkomani, Lamu

Nahodha, umeuliza jambo kubwa. Ndani ya mfuko samaki hutoa kabonidioksidi na amonia kwa pamoja. Kabonidioksidi huishusha pH, na kwa pH ya chini amonia hukaa katika hali isiyo na madhara makubwa. Mfuko unapofunguliwa, kabonidioksidi hutoka, pH hupanda, na amonia yote iliyokusanywa safarini hugeuka sumu kali kwa muda mfupi. Mwenye subira ya tone kwa tone humweka samaki wake katika sumu hiyo kwa saa nzima, na akitumia maji ya kisima yenye pH ya 8 hali huwa mbaya zaidi. Kwa safari ndefu kama yetu, elesha mfuko uliofungwa juu ya tangi kwa dakika 20 hadi 30 ili joto lilingane, kisha fungua, mchote samaki kwa wavu, mtie ndani, na maji ya mfuko uyamwage. Hili linafaa tu ikiwa ugumu wa maji ya tangi haukuachana sana na wa muuzaji. Basi mpigieni simu mapema, mumuulize TDS yake, mtayarishe maji yanayokaribiana. Zimeni taa, msiwalishe hadi kesho yake.

Kuhusu kukatika kwa umeme, ambako nako huwakuta watu safarini wakati tangi limebaki nyumbani: sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa naipendelea kuliko filta kubwa za mkebe. Pampu ndogo hutumia wati 5 au pungufu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20, ukiitumia nusu tu ili isiharibike, ina wati-saa 120, nazo zinatosha saa 24. Filta ya mkebe iliyosimama saa nyingi bila maji kupita huoza ndani kwa kukosa oksijeni, na umeme ukirudi humwaga uozo wote kwa samaki, hivyo ni lazima ifunguliwe na kuoshwa kwanza.

Mwalimu wa Gongoni

Nimefuata mjadala huu kwa furaha, na ningependa kuwakumbusha kwamba pwani yetu yenyewe ina samaki wadogo wa thamani ambao wafugaji wa Ulaya huwatafuta kwa hamu. Nawazungumzia Nothobranchius, wanaoishi katika madimbwi ya mvua yanayokauka kiangazi. Dume ana mapambo mekundu na ya buluu yanayoshindana na samaki yeyote wa Amazon. Jike ni wa rangi ya vumbi. Dimbwi likikauka wote hufa, na mayai yao hukaa ndani ya udongo hadi mvua nyingine. Nothobranchius guentheri wa Unguja anajulikana sana, lakini huku bara la pwani nako wako wa aina kadhaa.

Ombi langu ni kwamba mtu asiende kuwachota ovyo, kwa kuwa dimbwi moja laweza kuwa na sehemu kubwa ya aina fulani katika eneo lake. Na yeyote anayeingia katika maji ya kutuama kutafuta mimea au konokono za kupamba tangi ajue kwamba konokono wa jamii ya Bulinus hubeba kichocho, nacho kipo pwani. Konokono wa porini asiingizwe nyumbani, na mikono isitiwe katika maji ya madimbwi. Je, mkaazi wa Mkomani, umeona wakifugwa kwa mayai yanayonunuliwa?

Mkaazi wa Mkomani, Lamu

Nimeona, mwalimu, na ni ufugaji unaofaa nyumba ndogo, kwa kuwa jozi moja na jike wa ziada hutosheka na tangi la lita 20 lenye kifuniko, maana huruka. Wengi wao hawadai maji laini kama diskasi, ingawa uchafu hawauvumilii. Badala ya udongo wa mboji unaoagizwa kutoka nje, tumia vumbi la makumbi ya nazi lililochemshwa na kuoshwa hadi maji yatoke meupe, kwa sababu makumbi yaliyolowekwa ufukweni yana chumvi. Litie katika bakuli ndani ya tangi. Samaki watataga humo. Baada ya wiki moja au mbili litoe, ulikamue hadi libaki na unyevu wa tumbaku ya kutafuna, ulifunge katika mfuko wa plastiki, uliweke mahali penye kivuli pasipo joto kali. Muda wa kusubiri hutofautiana kwa aina, na kwa guentheri huwa miezi mitatu au minne hivi. Tazama mayai kwa kioo cha kukuza. Macho ya kifaranga yakionekana wazi yenye duara la dhahabu, yamwagie maji ya mvua yaliyopoa, nayo huanguliwa kwa kawaida ndani ya siku moja. Walishe artemia (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi) waliototolewa papo hapo, kwa sababu chakula cha unga hawakitambui. Kila mfuko uandikwe aina na tarehe, kwa kuwa majike ya aina mbalimbali hayatofautishiki kwa macho, na aina zikishachanganyika hakuna namna ya kuzitenga tena.